Kwenye Skrini Imenyooka, Kwenye Karatasi Imekwenda Kombo

Minada ya korosho inapoanza mwezi wa kumi, steshenari za Nachingwea na Ruangwa huwa hazifungi mapema. Makatibu wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, wanaleta orodha za wakulima na kilo zao, watendaji wa vijiji wanaleta mihtasari ya vikao, walimu wanaleta mitihani ya kufunga mwaka. Katikati yao yupo kijana aliyetoka Mtua na flashi mfukoni, anataka barua yake ya kuomba kazi itoke kabla gari la kurudi halijaondoka. Karatasi inatoka, anaitazama, anasema: "Dada, mbona anwani imehamia katikati? Kwangu ilikaa vizuri."

Hasemi uongo. Kwenye kompyuta aliyochapia ilikaa vizuri. Mwongozo huu ni wa dada wa nyuma ya kaunta, na pia wa huyo kijana wa mbele yake, kwa sababu mara nyingi kosa lilishafanyika siku nyingi kabla printa haijawashwa.

Jua kosa limekaa wapi

Usianze kwa kugusa chochote. Maandishi yaliyokaa vibaya kwenye karatasi yana vyanzo vitatu: faili lenyewe, maelewano ya kompyuta na printa kuhusu ukubwa wa karatasi, au mashine. Roli chafu haiponi kwa kubadilisha fonti, na barua iliyopangwa vibaya hainyooki hata ukinunua printa mpya. Rimu nyingi huishia kuwashia jiko kwa sababu mtu ametibu mahali pasipouma.

Bonyeza Ctrl na P. Upande wa kulia wa skrini utaona ukurasa kama utakavyotoka. Kama hapo tayari anwani imehama au jedwali limekatika, funga dirisha hilo urudi kwenye faili; printa haina kosa. Kama hapo kila kitu kimenyooka lakini karatasi inatoka na maandishi yaliyosogea au kupungua, angalia ukubwa wa karatasi. Na kama maandishi yanatoka yamelala upande, yaani juu yako karibu na ukingo na chini yako mbali nao, iache kompyuta kabisa: chapa ukurasa wa majaribio kwa vitufe vya printa yenyewe. Ukitoka umelala vilevile, tatizo ni njia ya karatasi.

Neno moja kuhusu menyu. Tuliwahi kuwa na programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kompyuta utakazozikuta kwenye kaunta nyingi zina Word ya Kiingereza, kwa hiyo nitayataja maneno ya menyu kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Anwani inayohama

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na limerithiwa kutoka kwenye taipureta. Kwenye taipureta kila herufi ilipewa nafasi ileile: i ilichukua upana sawa na m, na kitufe cha nafasi kilisogeza karatasi kwa hatua isiyobadilika. Karani aliyetaka anwani ikae kulia alihesabu nafasi arobaini, akapiga, na mistari yote ikaanzia mahali pamoja. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Word haifanyi hivyo. Katika Times New Roman herufi m ina upana unaokaribia mara tatu ya ule wa i, na nafasi tupu ni nyembamba kuliko herufi nyingi. Ukipanga anwani kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, mistari itaonekana imeshikana kwa bahati tu, kwa fonti ile, ukubwa ule na kompyuta ile. Badilisha kimoja kati ya hivyo na kila mstari utaondoka kivyake.

Kuhakikisha, bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Kwenye LibreOffice ni Ctrl na F10. Utaona alama zilizokuwa zimejificha: kitone kimoja kwa kila nafasi, mshale kwa kila Tab, na alama kama P iliyogeuzwa kila mahali palipobonyezwa Enter. Barua ikijaa vitone vilivyopangana kama siafu kabla ya S.L.P., umeshapata jibu. Alama hizo hazichapwi, kwa hiyo ziache ziwepo wakati wote unapofanya kazi. Mhudumu aliyezizoea humaliza kazi ya mteja upesi kuliko anayezificha kwa kuona zinachafua skrini.

Sasa tibu. Futa vitone vyote. Chagua mistari ya anwani kwa pamoja, bofya kulia, ingia Paragraph, na mahali palipoandikwa Indentation weka Left iwe sentimita 9. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo za kawaida za sentimita 2.54 kila upande, inabaki sehemu ya kuandikia yenye sentimita 15.92. Anwani ikianzia sentimita ya 9, inabakiwa na karibu sentimita 7, na hizo zinatosha kwa "Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji" bila kukatika. Usitumie kitufe cha kupanga kulia, maana hicho hunyoosha mwisho wa mistari na kuacha mianzo yake ikiwa na meno, wakati anwani ya barua ya kiofisi hutakiwa ianzie kwenye mstari mmoja wa kusimama.

Mstari wa Kumb. Na. na tarehe una dawa yake. Vitu viwili kwenye mstari mmoja, kimoja kushoto kabisa na kingine kulia kabisa, hutenganishwa na Tab moja. Ndani ya Paragraph bonyeza Tabs, andika 15.9, chagua Right, kisha Set. Halafu andika kumbukumbu namba, bonyeza Tab mara moja tu, andika tarehe. Itagota ukingoni na kubaki hapo hata ukibadilisha fonti.

Vitone vya kuwekea sahihi navyo visichapwe kimoja kimoja. Katika dirisha lilelile la Tabs kuna Leader. Chagua aina yenye vitone na Word itaijaza nafasi yote yenyewe. Na pale Mwenyekiti na Katibu wanaposaini wamekabiliana, weka jedwali la safu mbili, andika kila mmoja kwenye chumba chake, kisha ondoa mistari ya jedwali kwa kuchagua No Border. Hakuna atakayejua kwamba pana jedwali, na sahihi hazitagongana tena.

Maneno yaliyotawanyika

Malalamiko mengine ni ya risala na barua ndefu: maneno yameachana, mstari una mapengo ambayo hata kidole kinapita. Hapo mtu amechagua Justify, yaani kingo zote mbili zinyooke. Wapangaji herufi wa zamani, wale wa zama za herufi za risasi kama kwenye mitambo ya Ndanda Mission Press kule kwa Wabenediktini, walikuwa wakitia vipande vya risasi kati ya maneno mpaka mstari ujae. Word inafanya kazi hiyohiyo bila kuwa na jicho la mpangaji.

Kiswahili kinaumia zaidi hapa kwa sababu maneno yetu ni marefu. "Yaliyokubaliwa" lisipoenea mwisho wa mstari linashuka lote zima, na mstari wa juu unabaki na uwazi ambao mashine itaugawa kati ya maneno manne matano yaliyobaki. Kwa barua ya ukurasa mmoja, achana na Justify, panga kushoto. Kwa taarifa ndefu ambayo bosi anataka inyooke pande zote, kata neno mwenyewe: weka mshale wa kuandikia baada ya irabu, bonyeza Ctrl na kistari. Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, kwa hiyo "yaliyo-kubaliwa" ni sawa, na ng' isitenganishwe kamwe na irabu yake. Kistari hicho hakichapwi mpaka neno litakapofika mwisho wa mstari, hivyo ukiongeza maneno baadaye hakitabaki katikati ya sentensi kama kile cha kawaida.

Mstari mmoja tu ukiwa umevutwa vibaya, kwa kawaida ule mfupi wa mwisho wenye maneno mawili, moja kushoto na jingine kulia, tazama alama mwisho wake. Ukiona mshale uliopinda badala ya ile P iliyogeuzwa, mtu alibonyeza Shift na Enter. Futa, bonyeza Enter peke yake, mstari utarudi mahali pake.

Fonti iliyobadilishwa njiani

Faili limechapwa kwenye simu kwa programu ya WPS, likatumwa kwa WhatsApp, likafunguliwa steshenari. Au limechapwa ofisini kwenye Word mpya, likaletwa kwenye kompyuta yenye Word ya 2010. Ukurasa mmoja umekuwa mmoja na mistari miwili, na mistari hiyo miwili ndiyo "Wako mtiifu" na sahihi.

Sababu ni kwamba faili la Word kwa kawaida halibebi fonti. Linabeba jina lake tu. Calibri ndiyo fonti ya kuanzia ya Word tangu toleo la 2007, na tangu mwaka 2023 Microsoft imeanza kuibadilisha kwa Aptos. Kompyuta isiyo na Aptos haikwambii kitu. Inachukua fonti nyingine, herufi zake zina upana tofauti, mistari inakatika pengine, na ukurasa unamwagika. Kwa hati zinazosafiri, andika kwa Times New Roman au Arial, maana hizo zipo kwenye karibu kila Windows. Wanaotumia LibreOffice kwenye Linux wana Liberation Serif, iliyotengenezwa makusudi iwe na upana sawasawa na wa Times New Roman, na Carlito inayofanya hivyo kwa Calibri. Mistari haihami hata kama sura ya herufi imebadilika kidogo.

Dawa ya uhakika ni PDF. Kwenye Word bonyeza F12, na penye Save as type chagua PDF. WPS ya simu nayo inaweza. PDF hubeba fonti zake, kwa hiyo inavyoonekana Mtua ndivyo itakavyoonekana Ruangwa mjini. Ila njoo na yote mawili kwenye flashi, PDF ya kuprinti na faili la Word. Likigundulika kosa la tahajia kwenye jina la mwajiri, PDF hairekebishiki kirahisi pale kaunta, na gari linakusubiri.

A4 na Letter

Kuna karatasi mbili zinazofanana kwa macho. A4, tunayoitumia sisi na sehemu kubwa ya dunia, ina milimita 210 kwa 297. Letter, ya Marekani na Kanada, ina 216 kwa 279. Dukani kwako rimu zote ni A4, lakini kompyuta iliyosanidiwa kwa mazoea ya Marekani hudhani karatasi zote za dunia ni Letter.

Ndipo yanatokea mambo mawili. Printa nyingine, hasa za leza, husimama na taa ya chungwa ikiwaka na kuzima, ikisubiri karatasi ambayo haipo wilaya nzima. Mhudumu anadhani imeharibika. Nyingine huchapa bila kulalamika, lakini maandishi yote yanapunguzwa kidogo au yanapandishwa juu, na chini panabaki weupe wa ajabu. Tofauti ya urefu ni milimita 18. Kwa orodha ndefu hiyo ni mistari mitatu au minne.

Rekebisha mahali pawili. Kwenye Word ingia Layout, Size, chagua A4. Halafu fungua dirisha la Page Setup ubonyeze Set As Default ili kila faili jipya lianze hivyo. Kisha nenda kwenye orodha ya printa za Windows, bofya kulia printa yako, Printing preferences, weka A4 hapo pia. Wengi hurekebisha pa kwanza, wakasahau pa pili, kesho yake tatizo limerudi.

Kama maandishi yanatoka madogo kuliko ulivyopanga ingawa kila mahali pameandikwa A4, tazama sehemu ya kuprinti kama kuna Fit au Scale imewashwa, na kwenye PDF chagua Actual size. Pia usiweke pambizo nyembamba kupita kiasi ili kubana karatasi. Printa nyingi haziwezi kuchapa kwenye milimita 3 hadi 5 za ukingo, na chochote kilichoko huko kitakatwa. Word ikikuonya kuhusu pambizo, bonyeza Fix. Usiipuuze kwa haraka.

Orodha za kilo

Chama kikuu cha RUNALI kinaunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na chini yake kila AMCOS ina orodha zake: jina, namba, kilo, bei, makato, malipo. Orodha ya namna hii ikipangwa kwa Tab au kwa nafasi, mkulima mwenye jina refu husukuma kilo zake hadi kwenye safu ya bei. Mahali penye pesa hilo si suala la urembo tena. Tumia jedwali, au Excel kabisa.

Tarakimu zipangwe kulia, mamoja chini ya mamoja, elfu chini ya elfu, ili jicho lione haraka kwamba 1,250 na 125 si sawa. Kama kilo zina nusu, yaani 87.5 chini ya 1,250, weka kwenye safu hiyo Tab ya aina ya Decimal, na nukta zitashikana hata kama tarakimu za nyuma ya nukta hazilingani. Ndani ya jedwali huhitaji kubonyeza Tab. Chumba kikiwa kimepangwa kushoto, namba inaifuata yenyewe.

Safu ya mwisho ikikatika kulia, bofya ndani ya jedwali, nenda Layout, AutoFit, AutoFit Window. Isipotosha, lalaza ukurasa kwa Landscape. Na orodha ikienda kurasa nyingi, chagua mstari wa vichwa vya safu ubonyeze Repeat Header Rows. Vinginevyo kuanzia ukurasa wa pili hakuna anayejua safu ipi ni makato.

Mitihani

Walimu wanaujua ugonjwa huu: herufi A hadi E za swali la kwanza zimekaa hivi, za swali la pili zimekaa vile. Gawanya zile sentimita 15.92 kwa tano. Weka Tab kwenye 3.2, 6.4, 9.6 na 12.8, na kila swali litakuwa na majibu yanayosimama chini ya mengine. Kama majibu ni sentensi, achana na safu, yaandike moja chini ya jingine.

Swali la 10 likisogeza maandishi kuliko la 9, maana yake namba zimechapwa kwa mkono na nafasi. Weka Hanging ya sentimita 1 kwenye Paragraph. Mchoro unaoruka ukurasa ubofye kulia, Wrap Text, chagua In Line with Text. Utatulia na kusogea pamoja na swali lake.

Mtihani wa kurasa mbili mgongo kwa mgongo unaobanwa pini kushoto uwekewe Gutter ya sentimita 1, na kwenye Multiple pages uchague Mirror margins, la sivyo nyuma ya karatasi pini itapita juu ya maswali. Printa isiyogeuza karatasi yenyewe ijaribu kwanza kwa mshale wa penseli: uchore kwenye karatasi tupu, uiweke, uprinti, uone mshale umetokea upande gani na ukielekea wapi. Bandika karatasi hiyo ukutani juu ya mashine.

Cheti kilichochapwa tayari

Kazi ngumu kuliko zote kwa upangaji ni hii. Shule imeleta vyeti vya mahafali vyenye mapambo, nembo na mstari wa vitone, wewe unatakiwa kuingiza jina tu. Kila cheti kina gharama yake na hakuna cha ziada, kwa hiyo kosa la milimita 4 linaonekana na kila mzazi.

Shika rula, pima kutoka ukingo wa kushoto wa cheti hadi mwanzo wa vitone, na kutoka ukingo wa juu hadi kwenye vitone vyenyewe. Andika vipimo hivyo. Fungua faili tupu lenye ukubwa uleule wa karatasi, weka Text Box moja, ondoa rangi na mstari wake. Bofya kulia ukingo wa kisanduku, More Layout Options, Position. Hapa ndipo wengi hukosea: Word hupima kutoka kwenye aya au safu, wakati wewe umepima kutoka ukingo wa karatasi. Badilisha pande zote mbili zisome Page, kisha ingiza vipimo vyako, ukikumbuka kwamba kisanduku kinaanzia juu ya maandishi, kwa hiyo kipimo cha juu lazima kipungue kwa kimo cha mstari wa jina.

Kingine kinachofichika ni pambizo za ndani ya kisanduku. Word huweka sentimita 0.25 kushoto na kulia, na 0.13 juu na chini, bila kukuuliza. Zifanye zote sifuri. Kisha kipe kisanduku upana wa mstari wote wa vitone na upange jina katikati, ili jina fupi na lile la maneno matatu marefu yote yakae katikati ya mstari.

Usiprinti kwenye cheti. Printi kwenye karatasi ya kawaida, iweke juu ya cheti, kingo zishikane, uviinue vyote viwili dirishani kwenye mwanga. Utaona jina limekaa wapi kulinganisha na vitone. Printi karatasi ya pili na ya tatu, uzilinganishe. Zikiwa zimekosea kwa kiasi kilekile, mathalani milimita 3 kulia, hiyo ni tabia ya printa yako. Punguza milimita 3 kwenye Position na kazi imekwisha. Zikitofautiana, moja kulia na nyingine kushoto, acha kupima, kwa sababu mashine inashika karatasi ovyo na hakuna namba utakayoandika itakayosaidia mpaka uitengeneze.

Karatasi ya cheti ni nzito. Ipitishe njia ya nyuma iliyonyooka kama printa inayo, moja moja, na kwenye Printing preferences uchague aina ya karatasi nzito. Majina yakiwa mengi, yaweke kwenye Excel na uyaite kwa Mail Merge kutoka menyu ya Mailings. Kuchapa jina moja moja huku wazazi wanasubiri ndiko kunakozaa makosa ya tahajia.

Mashine yenyewe

Karatasi ikitoka imelala, anza na vile vibao viwili vya plastiki vinavyoishika karatasi kwenye trei. Viguse karatasi bila kuibana. Vikiachia, karatasi inaingia upande, na vikibana sana inapinda katikati. Usijaze trei hadi mwisho. Kabla ya kuweka rimu, ipepee karatasi zitengane.

Kiangazi huku kina vumbi na vumbi hukaa kwenye roli. Roli ya upande mmoja ikiteleza, ile nyingine inavuta peke yake na karatasi inageuka. Zima printa, chomoa waya wa umeme, futa roli kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa maji kidogo, ziache zikauke. Kwenye printa ya leza subiri ipoe kwanza, kuna sehemu ndani inayounguza. Masika yana shida yake: rimu iliyoachwa wazi inanyonya unyevu, karatasi zinajikunja kingo na kushikana. Funga rimu kwenye karatasi yake kila jioni.

Umeme ukikatika karatasi ikiwa katikati, usiivute kwa nguvu kurudi nyuma. Itoe taratibu kuelekea ilikokuwa inakwenda. Kipande kidogo kikibaki ndani, kila karatasi itakayofuata itagonga hapo na kupinda.

Printa za wino zina tatizo jingine: karatasi imenyooka, lakini mistari ya kusimama ya jedwali ina meno, kipande hiki kulia, kinachofuata kushoto. Kichwa cha kuchapia kinachapa kikienda na kikirudi, na safari hizo mbili hazikutani. Kwenye Epson ingia Printing preferences, Maintenance, Print Head Alignment. Itachapa miraba, uchague iliyo safi zaidi. Usichanganye na Nozzle Check, ambayo ni ya wino usiotoka.

Wenye printa za utepe zinazotumia karatasi ndefu yenye matundu pembeni, kama kila ukurasa unaanza chini zaidi ya uliotangulia, urefu wa ukurasa uliowekwa haulingani na wa karatasi. Pima kutoka mkunjo hadi mkunjo na uingize kipimo hicho.

Ukishafanya haya na ukurasa wa majaribio bado unatoka umelala, piga simu kwa fundi, awe wa Masasi, Lindi au Mtwara. Kabla ya kupiga, printi kurasa tatu za majaribio mfululizo, uzipige namba, uchore kwa kalamu ni ukingo upi uliotangulia kutoka, uzipige picha na umtumie. Kwa picha hizo atajua aje na roli au aje na bisibisi tu.